Umebadilisha oili mwenyewe, sasa gari linalalamika

Jumamosi moja jioni kijana wa nyumba ya pili aligonga geti letu, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. "Shikamoo kaka. Leo nimemwaga oili, nimeweka mpya, filta mpya, kila kitu. Lakini gari haiendi. Naweka D, injini inanguruma tu, haisogei."

Sikubeba hata spana. Nilimwomba anioneshe beseni alilomwagia oili ya zamani. Ndani kulikuwa na kitu chepesi, chekundu, chenye harufu tofauti kabisa na oili ya injini iliyotembea kilomita elfu tano. Nikachomoa dipstiki ya injini, kile kijiti cha kupimia oili: oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa urefu wa kidole. Alikuwa amefungua nati ya giaboksi, akaimwaga oili ya gia, kisha akamimina lita nne za oili mpya juu ya oili chafu ya injini ambayo haikutoka hata tone.

Gari lake lilipona, kwa sababu aliliona tatizo pale pale uani na akazima. Angelazimisha hadi barabarani, hadithi ingekuwa nyingine. Tangu siku hiyo, kila anayeniuliza kuhusu gari lililobadilika tabia baada ya kubadilishiwa oili nyumbani, namjibu hivi: zima kwanza, halafu rudia njia uliyopita kwa mikono yako. Tatizo likijitokeza saa ile ile au wiki ile ile, karibu kila mara chanzo ni kitu ulichokigusa: nati, filta, mfuniko, dipstiki au dumu la oili. Injini haikuamua kufa ghafla siku hiyo.

Mifano yangu mingi ni ya injini ya 1NZ-FE, ile ya CC 1,500 iliyomo kwenye IST, Probox, Fielder na Premio nyingi zinazotembea Tanzania na Kenya. Kama lako ni la aina nyingine, vipimo vitabadilika ila dalili ni zile zile.

Gari haliendi, au dipstiki inaonesha oili maradufu

Ndilo kosa la kijana wetu. Kwenye Toyota hizi ndogo, ukikaa kwenye siti ya dereva, injini iko kulia, upande wenye belti, na giaboksi iko kushoto. Nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ina kichwa cha kawaida cha pembe sita kinachofunguliwa kwa spana namba 14. Nati ya giaboksi nyingi za otomatiki ina tundu katikati, la kuingiza alenki. Ukiona spana yako ya 14 haina pa kushika na unaanza kutafuta alenki, simama. Uko mahali pasipo pako.

Usitegemee rangi peke yake. Oili ya gia ikizeeka hugeuka kahawia, na mtu aliyelala chini ya gari na tochi ya simu mdomoni hawezi kutofautisha.

Kama imeshatokea, usiwashe tena. Pima kiasi kilichotoka kwenye giaboksi: mimina kwenye chupa tupu za maji za lita moja na nusu uhesabu. Kiasi hicho hicho ndicho cha kurudisha, kwa oili ya aina inayotakiwa na giaboksi yako. Giaboksi nyingi za otomatiki za gia nne kwenye magari haya hutumia oili iitwayo T-IV, na mara nyingi jina hilo limeandikwa kwenye dipstiki yake. Kama giaboksi ni CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, oili yake ni ya peke yake, na nyingi hazina dipstiki. Hapo mwite fundi mwenye uzoefu nazo. Kisha mwaga oili yote ya injini uanze upya.

Taa nyekundu ya oili haizimiki

Ile yenye picha ya birika dogo linalodondosha tone. Baada ya kufunga filta mpya, ambayo ni tupu, taa inaweza kubaki sekunde tatu, nne, hata tano, mpaka pampu ijaze filta na presha ipande. Hiyo ni kawaida. Ikifika sekunde kumi bado inawaka, zima. Usikanyage mafuta eti "kuisaidia pampu". Beringi za injini zinaelea juu ya utando mwembamba wa oili, na utando huo usipokuwepo, chuma kinasagana na chuma.

Kabla ya lolote angalia dipstiki. Wapo waliomwaga, wakafunga nati, wakaitwa kula, wakarudi wakawasha. Simcheki mtu kwa hilo. Ndiyo maana mimi huuacha mfuniko wa kujazia juu ya usukani tangu naanza hadi namaliza kumimina. Nikikaa kwenye siti, nauona kabla ya ufunguo.

Oili ikiwa ipo na imefika, angalia chini: kama kuna dimbwi, presha inatokea nje, soma sehemu inayofuata. Kama ni pakavu, huenda waya wa swichi ya presha ulichubuka ukagusa chuma ulipokuwa unahangaika na filta, au filta yenyewe ni mbovu. Filta ndiyo rahisi kuthibitisha: weka nyingine ya kuaminika ujaribu.

Taa inayopepesa tu wakati injini ni moto na iko kwenye sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagiwa mafuta, kisha inazimika ukikanyaga mafuta kidogo, hiyo ni habari tofauti. Hapo oili imekuwa nyepesi kupita kiasi, au wavu wa pampu ndani ya sampu umezibwa na tope, au beringi zimechakaa. Injini iliyokaa miaka bila kubadilishwa oili hujenga tope jeusi kama lami. Oili mpya yenye sabuni nzuri hulilegeza, na vipande vyake huenda kwenye wavu. Mwambie fundi afungue swichi afunge geji apime presha halisi. Ni kazi fupi, na inakuondolea kubahatisha.

Oili inavuja

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na hapa ndipo nilipojifunza kwa kuumia.

Miaka kadhaa iliyopita nilibadilisha oili ya IST yangu asubuhi, nikaenda zangu mjini. Njiani nikaanza kusikia harufu ya kuungua. Niliposimama na kuinama, chini ya injini kulikuwa kunatiririka, hakudondoki. Taa ilikuwa bado haijawaka. Nilizima pale pale, na bora nilizima: dipstiki ilitoka kavu. Fundi aliyekuja aliifungua filta mpya, akapitisha kidole pale inapokaa, akanionesha kitu kilichonikata maneno. Ringi ya mpira ya filta ya zamani ilikuwa imebaki imeganda kwenye injini. Filta mpya, yenye ringi yake, nilikuwa nimeifunga juu yake. Ringi mbili, moja juu ya nyingine. Kwenye sailensa zilishika; presha ilipopanda barabarani, ya juu ikateleza ikatoka nje kama ulimi.

Kwa hiyo ukishafungua filta ya zamani, igeuze uangalie mdomo wake kabla ya kuiweka chini. Ringi yake ipo? Kama haipo, iko juu kwenye injini, kaitoe. Halafu futa uso ule wa chuma kwa kitambaa safi na uupapase kwa kidole uzunguke wote. Kidole kinaona kuliko tochi. Ringi ya filta mpya ipake oili mpya kidogo, funga kwa mkono hadi iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Spana ya filta ni ya kufungulia. Ukiitumia kufungia, utaminya ringi mpaka iharibike, na siku ya kufungua utamlaani aliyeifunga, ambaye ni wewe.

Sasa, ukiona oili chini, usikimbilie kukaza. Kwanza jua inatoka wapi, maana oili hutambaa. Inaweza kuanzia juu ya injini na kudondokea kwenye nati ya sampu. Futa kila kitu kikauke, laza kipande cha boksi chini, washa injini dakika mbili, uzime, uchungulie.

Kama unyevu unaanza kwenye duara la filta, ni ringi au hukukaza vya kutosha. Kama unaanza kwenye nati, mara nyingi ni washa, kile kiduara kinachokaa kati ya nati na sampu. Kinaminywa mara moja kikachukua umbo. Ukikirudia mara tatu nne, kinaacha kuziba. Ni kitu cha bei ndogo kuliko soda, nunua kipya kila safari. Kama unaanza juu na kushuka, huenda ulimwaga wakati wa kumimina, na hapo hakuna kinachovuja. Safisha, endesha siku mbili, angalia tena.

Na kama unaona unyevu upande wa belti au pale injini inapoungana na giaboksi, hilo ni suala la sili, mipira inayozuia oili isitoke, na halikutokana na kazi yako. Ila watu hulilaumu badiliko la oili kwa sababu ndiyo siku ya kwanza walichungulia chini.

Nati inazunguka tu, haikazi

Hili ni tunda la mabavu. Nati ya sampu ya 1NZ-FE inatakiwa kukazwa kwa nguvu ya kama niutoni-mita 37. Kwa spana ya urefu wa sentimita 20, hiyo ni sawa na kuvuta mzigo wa kilo 19 hivi, yaani mkono mmoja wa mtu mzima bila kuruka wala kusukuma kwa mguu. Anayeingiza bomba kwenye spana ili "isivuje" anakula meno ya ndani ya sampu.

Meno yakiwa yameanza kuliwa, huwezi kuyarudisha kwa kukaza. Usizibe na utepe mweupe wa mabomba wala gundi ukaondoka safari. Mtikisiko na joto vitaing'oa. Kuna nati zilizo nene kidogo zinazochonga meno mapya, na ni suluhisho la kukufikisha gereji. Fundi wa karakana ya vyuma anaweza kuweka meno ya kupachika, au ubadilishe sampu. Mimi ningebadilisha sampu, kwa sababu nati hii itafunguliwa tena na tena maisha yote ya gari.

Na kila unapoirudisha, ianze kwa vidole. Izungushe kwanza kinyume hadi uhisi imedondoka kwenye njia yake, ndipo uikaze. Nati ikigoma mizunguko miwili ya kwanza, imeingia upande. Itoe.

Moshi na harufu ya kuungua

Moshi mwembamba unaotoka chini ya boneti siku ya kwanza, usiotoka kwenye bomba la ekzosi, kwa kawaida ni oili uliyoimwagia juu ya vyuma vya moto. Utaisha wenyewe baada ya safari moja mbili. Hakikisha tu kwamba unapungua. Ukiongezeka, kuna uvujaji juu ya ekzosi, na hiyo ni hatari ya moto.

Moshi wa bluu kwenye bomba la nyuma, ambao haukuwepo kabla, unakupeleka kwenye dipstiki. Injini ya 1NZ-FE ukibadilisha na filta inachukua lita 3.7. Dumu linalouzwa ni la lita 4. Ukilimaliza lote umezidisha mililita 300, kiasi ambacho injini itavumilia ingawa si vizuri. Lakini kwenye Vitz ya CC 1,000, inayotaka lita tatu na kidogo, dumu zima ni ziada kubwa. Shafti ya krenki inaanza kuipiga oili kama mtu anayepiga mayai. Inajaa povu, na povu halilainishi. Ziada nyingine inasukumwa kwenye njia ya hewa ikaungue.

Ipunguze. Bomba la sindano kubwa na mpira mwembamba kupitia tundu la dipstiki linatosha. Ukikosa, legeza nati ya sampu taratibu injini ikiwa imepoa. Kipimo ni hiki: gari pahali tambarare, injini izimwe dakika tano au zaidi, chomoa, futa, rudisha, chomoa tena. Kusoma mara ya kwanza bila kufuta kumewadanganya wengi.

Gari linatetemeka sailensa, au taa ya injini imewaka

Angalia mfuniko wa kujazia oili kama umeingia sawa na kama dipstiki imekaa hadi mwisho. Injini hizi huvuta mvuke wa ndani kurudi kwenye njia ya hewa. Mfuniko ukiachwa wazi, hewa isiyopimwa inaingia na hesabu ya mafuta inavurugika. Nimeona watu wakinunua plagi nne kwa sababu ya mfuniko uliolegea.

Mashine ya kusoma kodi za hitilafu za injini ikitoa P0011 au P0012, suala liko kwenye VVT-i. Mfumo huu unazungusha shafti ya valvu kwa presha ya oili inayopita kwenye njia nyembamba na valvu ndogo yenye wavu. Oili chafu, au nzito kuliko iliyopangwa, inaucheleweshea kazi.

Hapa niseme wazi kuhusu oili nzito ya 20W-50. Namba ya kwanza yenye W inaeleza tabia ya oili kwenye baridi, ya pili ni unene wake ikifika nyuzi 100. Joto la Dar au Mombasa halimaanishi injini inataka oili nzito kupita kiasi. Ndani ya injini joto la kazi ni karibu lile lile, Arusha au Dubai, kwa sababu kuna thamostati, kifaa kinachodhibiti joto la maji ya injini. Kama kitabu cha gari kinasema 5W-30, anza na hiyo. Anayekushauri 50 kwa gari la VVT-i lisilochakaa, muulize sababu. Kama jibu ni "inakaa sana," tafuta ushauri mwingine.

Injini inagonga tik-tik

Sekunde chache za asubuhi ni oili iliyoteremka chini usiku. Zikizidi baada ya filta mpya, ishuku filta: nzuri ina kiwambo cha mpira ndani kinachozuia oili isirudi, za bei ya kutupa mara nyingi kiwambo hicho hakifanyi kazi. Mlio mzito, wa kugonga kama nyundo, unaopanda pamoja na resi, usiusikilize mara mbili. Zima, ita wa kuvuta.

Rangi ya oili

Imekuwa nyeusi baada ya wiki mbili? Usihofu. Sabuni iliyomo inafanya kazi yake ya kubeba uchafu, na kwa dizeli hugeuka nyeusi siku ile ile.

Rangi ya chai ya maziwa ndiyo ya kuogopa: maji yameingia. Ila tofautisha. Ukikuta utando mweupe chini ya mfuniko tu, na dipstiki ni safi, na gari lako huenda safari fupi za dukani na kurudi, huo ni unyevunyevu usiopata joto la kukauka. Lipeleke safari ndefu, angalia tena. Dipstiki yenyewe ikiwa na rangi ya chai, na maji ya rejeta yanapungua, ni hedi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, au ufa. Usiwashe tena kulijaribu.

Oili inayonuka petroli na kiwango kinachopanda chenyewe maana yake mafuta yanashuka kwenye sampu, labda kwa nozeli inayovuja au silinda isiyochoma. Kuibadilisha bila kuponya chanzo ni kutupa hela.

Dumu

Kuna mtu atafuata kila nilichoandika na bado injini itanguruma vibaya, kwa sababu alichomimina si oili iliyoandikwa kwenye dumu. Kuchakachua oili ni biashara, na malighafi yake ni madumu halisi tunayotupa wenyewe. Nunua duka utakaloweza kurudi kesho na kumkuta muuzaji yule yule. Angalia kizibo: pete yake ya chini inatakiwa ikatike mkononi mwako, na karatasi ya ndani, kama ipo, iwe imegandishwa sawasawa pande zote. Angalia namba ya toleo iliyochapwa kwenye chupa. Bei ikiwa nusu ya duka la jirani, ipo sababu. Mimina kidogo kwenye glasi safi, ikae usiku kucha. Ikiacha mashapo chini, usiitie kwenye gari.

Oili chafu iliyotoka usiimwage kwenye mtaro wala uani kutuliza vumbi. Wengi wetu tunakunywa maji ya visima. Ijaze kwenye dumu la zamani, lifunge, lipeleke gereji inayokusanya. Dumu jipya ulilolimaliza, toboa tumbo lake kwa bisibisi sehemu mbili kabla halijafika jalalani.